Boya lilikuwa linasema kweli

Wiki hii nimemkuta kijana wetu mmoja wa zamu ya usiku amechukua utabiri wa jana, amebadilisha tarehe, akaongeza noti 5 (noti ni maili ya bahari kwa saa) kwenye upepo, akatuma. Nilitaka kufoka, nikakumbuka nilivyokuwa mimi mwaka wangu wa pili. Nimekaa nikaandika haya kwa ajili yake na kwa ninyi wote mnaoanza kutabiri bahari za tropiki. Nawapenda, wadogo zangu, lakini yako mambo nimechoka kuyasahihisha saa 9 usiku.

1. Saa. Chati ya 0600 UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, haina uhusiano wowote na saa 6 yenu. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza na modeli, ile programu ya kompyuta inayotabiri hewa, inahesabu tangu usiku wa manane kule Greenwich, na mtu akichanganya hayo mawili, onyo linamfikia nahodha upepo ukiwa umeshampita. Andikeni UTC, semezaneni kwa UTC.

2. Mgandamizo wa hewa. Huku tropiki hupanda na kushuka mara mbili kwa siku bila tufani yoyote: kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini kabisa karibu saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, tofauti ya hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 2 au 3 hivi. Kwa hiyo usichukue kipimo cha asubuhi ukakilinganisha na cha alasiri, kisha ukaja mbio kusema mgandamizo unaporomoka. Linganisha na saa ileile ya jana. Binti mmoja aliwahi kuniamsha akiamini kimbunga kinazaliwa digrii 2 tu kutoka ikweta. Hakikuwapo. Lakini nilimshukuru, na nilimshukuru kwa dhati, maana Desemba 2001 tufani Vamei ilizaliwa karibu digrii 1.5 Kaskazini, jirani na Singapore, mahali ambapo wengi wetu tulifundishwa kwamba dunia haizungushi hewa vya kutosha kufanya jambo hilo. Niamsheni. Usingizi wangu si kitu.

3. Mawimbi, na hapa mnivumilie.

Kila mtu anasoma kimo. Karibu hakuna anayesoma kipindi, yaani sekunde kati ya wimbi moja na linalofuata. Mawimbi ya mita 1 yenye sekunde 6 yamezaliwa na upepo wa hapohapo. Mawimbi ya mita 1 yenye sekunde 18 yametoka kwenye tufani ambayo huioni kwenye eneo lako, pengine nusu ya bahari nzima kutoka ulipo. Kwenye maji yenye kina kirefu urefu wake, kilele hadi kilele, ni kama mita 500. Meli kubwa huinuka na kushuka taratibu, wala baharia hamwagi chai. Yakifika penye kina kifupi yanakanyaga chini, yanapunguza mwendo, yanainuka wima, yanavunjika kwa nguvu isiyolingana kabisa na ile "mita 1" uliyoandika.

Nilikuwa nayajua haya. Nilikuwa nimefaulu mtihani wake. Usiku mmoja eneo langu lilikuwa ndani ya ukanda wa mvua, upepo noti 5 hadi 10 wa kugeukageuka, satelaiti haina cha kutisha. Boya la nje, lile linalopima mawimbi, lilikuwa limekaa kwenye sekunde 8 siku nzima. Saa 2100 UTC likaleta sekunde 19. Kimo kilikuwa kimepanda kutoka mita 1.1 hadi 1.2 tu. Nikatazama ile 19, nikajiambia boya limeharibika, nikaifuta kwenye jedwali langu. Nikaandika: bahari shwari, mawimbi mita 1.

Mawimbi marefu ndiyo yanayokimbia mbele. Zidisha sekunde kwa 1.5 upate mwendo wa nguvu yake kwa noti: sekunde 19 ni karibu noti 28, zaidi ya maili 650 za bahari kwa siku. Yanatangulia yakiwa madogo, kama mjumbe, na wakubwa wao wanafuata nyuma. Mjumbe alinifikia mezani nikamfukuza.

Kesho yake alasiri mashua ya abiria ilikuwa inavuka mlango wa mwamba. Nahodha alikuwa amesoma utabiri wangu. Baadaye alinisomea maneno yangu mwenyewe kwa simu, neno kwa neno, bila kunitukana. Seti ya mawimbi iliinuka nyuma yake pale ambapo asubuhi palikuwa kimya, ikaigeuza mashua ubavu, ikaipindua. Wote walitolewa majini hai. Baharia mmoja alivunjika paja na hakurudi tena kwenye kazi hiyo. Sikuweza kula siku ile, na hadi leo sijaweza kuandika neno "shwari" kabla ya kutazama kipindi mara mbili.

Msidhani ni ajali ya nadra. Mei 2007 mawimbi yaliyozaliwa kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi yaliipiga kisiwa cha Réunion, siku chache baadaye yakafurika kwenye visiwa vya Maldivi, kisha yakafika Indonesia. Watu waliona maji yanaingia bila upepo wa kuyasukuma.

Basi fungueni chati ya dunia nzima, msiishie kwenye mstari wa eneo lenu. Na kumbukeni kimo tunachoandika ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Wimbi mojamoja laweza kukaribia mara mbili yake.

4. Ya haraka. Upepo uliopimwa na satelaiti una mapengo kati ya njia zake: pengo halimaanishi utulivu. Mvua ya radi huleta upepo wa ghafla ambao modeli haiuoni, utajeni. Ghuba ya Tehuantepec, pwani ya Pasifiki ya Meksiko, wakati wa baridi: hewa baridi ikishuka Ghuba ya Meksiko inapenya kwenye pengo la milima na kutokea Pasifiki kwa noti 34 na zaidi, na modeli ambayo nukta zake za hesabu ziko mbalimbali huupunguza upepo huo. Ongezeni.

5. Kukabidhi zamu. Andikeni kwenye daftari kile mlichokitilia shaka, hata kama mmeamua kukiacha. Ile sekunde 19 niliiona muda wa saa 3 kabla ya mwenzangu kunipokea. Alinikuta nimevaa koti, akaniuliza kama kuna lolote la kuangalia, nikamwambia usiku ulikuwa mtulivu. Alikuwa mtaalamu wa mawimbi kuliko mimi, na mashua ile ilikuwa bado imefungwa gatini kwa saa nyingine 10.