Kufundisha kompyuta, kufundishia kompyuta, kufundishwa na kompyuta

SWALI: Ninaandika historia fupi ya kompyuta katika elimu. Katika rasimu nilitumia "kufundisha kompyuta", "kufundisha kwa kompyuta" na "kufundishwa na kompyuta", kila moja pale iliponijia. Mhariri amezifuta zote na kuweka "kufundishia kompyuta", akisema istilahi iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tena amebadilisha "nadharia za kujifunza" kuwa "nadharia za mafunzo". Je, nikubali?

JIBU: Usikubali, ingawa nia ya mhariri wako ni njema. Istilahi isiyoyumba ni jambo la kulinda katika kitabu chochote cha taaluma. Lakini maneno uliyoyataja si majina manne ya kitu kimoja. Ni vitenzi, na kitenzi cha Kiswahili hubeba habari ya nani anatenda, nani anatendewa na kwa chombo gani. Ukilazimisha umbo moja katika historia hii, utakuwa umefuta mabishano yaliyoifanya iwe historia, kwa sababu waliohusika hawakukubaliana hata kidogo juu ya nafasi ya kompyuta darasani.

Tuanze na sarufi. "Mwalimu anafundisha kompyuta" humaanisha kompyuta ndiyo somo, kama vile mwingine anavyofundisha hisabati. "Mwalimu anafundisha kwa kompyuta" humaanisha kompyuta ni chombo, na somo laweza kuwa lolote. Kiambishi cha kutendea, yaani -ia, nacho hutaja chombo, lakini hutulia zaidi kinapotanguliwa na jina: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, lugha ya kufundishia, mashine ya kufundishia. Hutulia pia katika kirejeshi: "kompyuta anayofundishia". Katika sentensi ya kawaida, "anafundishia kompyuta" si kosa, ila humwacha msomaji akijiuliza kidogo, kwa kuwa -ia hubeba pia maana ya mahali, sababu na kwa faida ya nani. Hapo mimi huandika "anafundisha kwa kompyuta", au "kwa kutumia kompyuta" nikitaka shaka iondoke kabisa.

Katika kutendwa, tofauti hukaa kwenye neno dogo sana. "Mtoto alifundishwa kwa kompyuta": aliyefundisha ni mtu, kompyuta ilitumika. "Mtoto alifundishwa na kompyuta": kompyuta ndiyo mtenda, yaani ndiyo mwalimu. "Kwa" na "na" hapa hazibadilishani, na miongo kadhaa ya saikolojia ya elimu imeshindania umbali uliopo kati yake.

Chukua sura yako ya kwanza, ile ya mashine zilizotangulia kompyuta. Katika miaka ya 1920, Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alitengeneza mashine iliyoonyesha swali lenye majibu manne, na mwanafunzi akabonyeza kitufe cha jibu alilochagua. Ilipopangwa kwa ajili ya kufundishia, swali halikupita mpaka kitufe sahihi kibonyezwe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia B. F. Skinner akaja na mashine yake. Kwake, kujifunza ni kubadilika kwa tabia: tendo linalofuatiwa na matokeo ya kuridhisha huimarika, na uimarishaji huo una nguvu ukija papo hapo. Mwalimu mwenye darasa zima hawezi kumjibu kila mtoto papo hapo, mashine inaweza. Kwa hiyo Skinner aliligawa somo katika hatua ndogondogo, akamtaka mwanafunzi aliandike jibu mwenyewe badala ya kuchagua, kisha alione jibu sahihi mara moja.

Wengi huandika kwamba Skinner aliamini mashine inafundisha. Sivyo. Katika makala yake ya 1958 kwenye jarida la Science alisema wazi kwamba mashine yenyewe haifundishi; inachofanya ni kumkutanisha mwanafunzi na mtu aliyetunga somo. Sasa tazama jinsi Kiswahili kinavyomtendea haki. "Mashine inayofundisha" ingempotosha. "Mashine ya kufundishia" inasema alichokisema: kuna mfundishaji mahali fulani, na hiki ni chombo chake. Katika sura hiyo -ia ya mhariri wako ndiyo hasa inayotakiwa, na vitendo vyote viandikwe kwa kutumia "kwa": walifundishwa kwa mashine.

Ukifika miaka ya 1960 lugha inabidi isogee. Mwaka 1960 PLATO, mfumo wa masomo kwa kompyuta, ulianza katika Chuo Kikuu cha Illinois chini ya Donald Bitzer. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Patrick Suppes na wenzake waliwapa watoto wa shule mazoezi ya hesabu kwa kompyuta, na ugumu wa zoezi ukafuata jinsi mtoto alivyojibu yaliyotangulia. Suppes hakuishia kwenye chombo. Mwaka 1966 aliandika kwamba siku itafika mamilioni ya watoto watapata kile alichokipata Aleksanda, mwana wa Filipo wa Makedonia, kwa kuwa mtoto wa mfalme: mwalimu wake binafsi, mjuzi na msikivu kama Aristotle. Hayo ni madai juu ya mtenda. Unapoeleza ndoto yake, andika bila woga "kufundishwa na kompyuta". Ukiweka "kufundishia" hapo unampunguzia Suppes dai lake, na msomaji hataelewa kwa nini lilipingwa kwa nguvu. Ila chunga: unapoeleza kilichotokea kweli katika vyumba vile, ambako watu ndio walioyapanga maswali na walimu wakabaki na madarasa yao, rudi kwenye "kwa". "Na" itumike kwa dai, "kwa" itumike kwa tendo. Mwandishi makini anaweza kuzitumia zote mbili katika aya moja na msomaji akaona pengo bila kuelezwa.

"Kufundisha kompyuta", umbo jingine ambalo mhariri alilifuta, lina mahali pake pasipo na mbadala. Mwaka 1964 John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walianzisha BASIC, lugha ya programu iliyokusudiwa wanafunzi wasio wanasayansi. Kuanzia 1981 nchini Uingereza, BBC iliendesha mradi wa kuwaelimisha watu juu ya kompyuta, pamoja na mashine ya BBC Micro iliyoingia katika shule nyingi. Hapo kompyuta ilikuwa somo. Walimu walifundisha kompyuta. Kusema "walifundishia kompyuta" ni kuandika habari isiyo ya kweli.

Sasa niingie katika Logo, ambako swali lako linapata utamu. Lugha hii ya programu ilizaliwa 1967 katika kampuni ya BBN huko Massachusetts, Marekani, kwa kazi ya Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon. Papert alikuwa amefanya kazi Geneva na mwanasaikolojia Jean Piaget, ambaye utafiti wake ulionyesha kwamba mtoto hapokei maarifa yakiwa tayari. Huyajenga kwa kutenda, kukosea na kupanga upya anachokijua. Papert akauliza: basi mtoto apewe nini cha kutenda? Jibu lake lilikuwa kobe, kwanza roboti ya sakafuni, baadaye alama kwenye kioo cha kompyuta. Mtoto humwamuru: nenda mbele hatua 100, geuka kulia digrii 90, rudia mara 4. Mraba unachorwa. Kisha mtoto huzipa amri hizo jina, tuseme "mraba", na tangu hapo kobe analijua neno hilo. Linaweza kutumika ndani ya neno jingine, kama vile "nyumba". Akiitiwa neno ambalo hajawahi kuelezwa, Logo hujibu kwamba haijui namna ya kulifanya. Ni jibu la mwanafunzi, na mtoto hulijibu kama mwalimu anavyojibu: hurudi nyuma, hutafuta ni wapi maelezo yake yalipungua, huyanyoosha.

Kwa hiyo hapa anayefundisha ni mtoto, na anayefundishwa ni kompyuta. Unaliandikaje? "Mtoto anafundisha kompyuta" haitoshi, maana itasikika kama somo. Tia kiambishi cha mtendwa: "mtoto anaifundisha kompyuta". Kitenzi -fundisha kikiwa na watendwa wawili, mwanafunzi na somo, nafasi ya kiambishi huchukuliwa na mwanafunzi: husemwa "anamfundisha mtoto kompyuta", kamwe si "anaifundisha mtoto kompyuta". Ndiyo maana "anaifundisha kompyuta" ikisimama yenyewe huelekeza sikio kwamba kompyuta imekaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Ipo hali moja ya kuangalia: ukilitanguliza jina la somo, kama katika "kompyuta anaifundisha yeye, hisabati anaifundisha mwenzake", ile i- hurudi kwenye somo. Katika historia ya Logo epuka mpangilio huo, au mtaje kobe. Kobe ana upatanisho wa viumbe hai hata akiwa roboti, na "mtoto anamfundisha kobe kuchora mraba" haina njia ya kueleweka vibaya. Nakupendekezea sentensi ya namna hiyo iwe ya kwanza katika sura yako ya Logo.

Papert mwenyewe, katika kitabu chake Mindstorms cha 1980, alilalamika kwamba mara nyingi shuleni kompyuta hutumiwa kumprogramu mtoto, ilhali yeye alitaka mtoto aiprogramu kompyuta. Kubadilishana nafasi kwa mtenda na mtendwa ndiyo hoja yake nzima. Mwaka huohuo Robert Taylor alihariri kitabu kilichozipanga kazi za kompyuta shuleni katika nafasi tatu: mwalimu, zana na mwanafunzi. Kwa Kiswahili nafasi hizo tatu ni "inamfundisha", "ya kufundishia" na "anaifundisha". Mwoneshe mhariri aya hiyo kwanza. Nadhani itamshawishi kuliko kanuni yoyote ya sarufi nitakayomwandikia.

Kuhusu "nadharia za mafunzo", hapana. Mafunzo ni yale yanayotolewa: mafunzo ya udereva, mafunzo kazini. Piaget hakuchunguza yanayotolewa, alichunguza kinachotokea kwa anayejifunza. Lakini hata "nadharia za kujifunza" lina kasoro ndogo, kwa kuwa -a unganifu (za, vya, ya) ikifuatwa na kitenzi-jina, yaani kitenzi chenye ku-, mara nyingi husikika kama makusudio: "vitabu vya kusoma", "maneno ya kukariri". Andika "nadharia za kujifunza kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza" na wengine watadhani ni nadharia ambazo wanafunzi hao wanapaswa kuzisoma. "Nadharia za ujifunzaji" haina tatizo hilo, na linakwenda sambamba na "ufundishaji", kwa hiyo ndilo ningelitumia kwenye kichwa. Ndani ya matini "kujifunza" libaki kwa wingi. Ji- yake, inayomrudishia mtenda tendo lake, inaeleza hoja ya Piaget vizuri kuliko istilahi nyingi za kubuni.

Kwa kuwa utafika hadi siku zetu, jiandae na mtego wa mwisho ambao hukuuuliza. "Kujifunza kwa kompyuta" lina maana mbili zilizo mbali kabisa. "Kwa" inaweza kuwa ya chombo: mtu anajifunza akitumia kompyuta. Inaweza pia kuwa -a unganifu iliyopatanishwa na kitenzi-jina, kama katika "kujifunza kwa mtoto": hapo kompyuta ndiyo inayojifunza. Maana hii ya pili si ngeni. Mwaka 1959 Arthur Samuel wa kampuni ya kompyuta ya IBM alichapisha utafiti juu ya programu ya kucheza drafti iliyoboresha mchezo wake kutokana na michezo iliyokwisha kucheza. Ukiwa na sura inayohusu watoto na sura inayohusu programu za aina hiyo katika kitabu kimoja, zitenge mapema: "kujifunza kwa kutumia kompyuta" au "kujifunzia kwenye kompyuta" kwa ya kwanza, "ujifunzaji wa mashine" kwa ya pili. Ukihitaji kitenzi, sema tu kwamba kompyuta inajifunza. Ila usiandike "anaijifunza kompyuta" kwa maana yoyote ile: ji- imeshakalia nafasi ya mtendwa, na i- haina pa kuingia.