Nikimkaribia kwenye matope anaacha kucheza. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la awali hapa Moshi. Nyuma ya darasa tuna sehemu ya kuchezea udongo na maji, na watoto wanaipenda mno. Tatizo ni mimi nikienda kucheza nao. Kuna mtoto mmoja wa miaka mitano, nikifika tu anaacha alichokuwa anafanya na kunitazama, au anaondoka kabisa. Nibaki pembeni nisimamie tu? Na kama naingia, naingiaje? Halafu naogopa minyoo, na wazazi wanalalamikia sare.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usibaki pembeni, ingia. Kinachotakiwa kubadilika ni namna ya kuingia.

Mwalimu akija na kusimama, akauliza "Unatengeneza nini? Hiki kina rangi gani?", mtoto anajua somo limeanza. Amezoea kwamba maswali yetu yana jibu moja tu, kwa hiyo mchezo unakatika. Kama ni mwenye haya, anajiondokea asije akakosea.

Kwa hiyo funga kanga kiunoni, kunja mikono ya blauzi, chuchumaa au kaa kwenye kigoda ubavuni kwake. Chukua udongo wako, wa kwake usiuguse. Kisha fanya anachofanya yeye: akimwaga maji, nawe mwaga, akifinyanga tonge, finyanga. Nyamaza. Dakika mbili za kimya ni ndefu sana kwetu tuliozoea kusema mbele ya darasa, lakini humo ndimo mtoto anapogundua kwamba hukuja kumpima. Akikutupia jicho, tabasamu, endelea na kazi yako.

Siku moja, huenda si ya kwanza, atakunyooshea kifuu cha matope: "Mwalimu, kula." Hapo umekaribishwa. Jifanye unakula huo ugali, uliza bei, lalamika kwamba mboga ni kidogo. Akikufanya mteja, kuwa mteja. Usigeuke mpishi mkuu.

Sehemu ngumu zaidi ni kuacha kusaidia. Watoto wa huku Moshi wengi wameona mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga, ikishusha maji kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, kwa hiyo usishangae mtoto akichimba wake kwa kijiti, kutoka kwenye ndoo hadi shina la mgomba. Maji yanafika katikati yanazama. Anaongeza maji, yanazama tena. Anapigapiga matope kwa kiganja mpaka sakafu ya mfereji inakuwa laini, na safari hii maji yanasogea, yanakuta kituta, yanajaa, yanafurika ubavuni. Anainama, anatazama, anakwangua kile kituta. Kwa dakika chache hizo ameshughulika na mteremko, na maji kunywewa na udongo, na namna ya kuziba njia. Ukimwonyesha mapema, umemnyang'anya yote hayo. Ukiona lazima useme, sema unachokiona: "Maji yamepita pembeni." Kisha mwachie nafasi. Akikwama mpaka anataka kulia, chimba mfereji wako kando yake na uweke jiwe pale panapofurika. Ataliona mwenyewe.

Yupo pia asiyetaka kugusa matope kabisa. Usimshike mkono kumlazimisha. Mpe kijiko na kopo, au mwache awe mchota maji.

Ingilia mara moja matope yakirushwa usoni, au mtoto akila udongo. Anayekula udongo mara kwa mara, zungumza na mzazi ampeleke kituo cha afya. Tabia hiyo wakati mwingine huambatana na upungufu wa damu.

Kuhusu minyoo, hofu yako ina msingi. Mabuu ya safura hupenya ngozi, hasa ya miguu, na mayai ya minyoo mingine huingia mdomoni kwa mikono michafu. Vyote hutoka kwenye udongo wenye kinyesi, kwa hiyo cha kwanza ni mahali penyewe: mbali na choo na maji machafu, pawe na uzio wa kuzuia mbwa, na mchanga ufunikwe turubai jioni paka wasiugeuze choo. Kabla ya mchezo pita ukiokota vipande vya chupa na misumari. Watoto wavae viatu, buti za mvua ni bora kuliko ndala, na mwenye kidonda kifungwe vizuri kabla hajaingia. Weka kibuyu chirizi na sabuni hapo hapo, mnawe pamoja kabla ya uji. Ndoo zimwagwe mchezo ukiisha. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

Sare ni jambo la kikao cha wazazi mwanzoni mwa muhula. Omba kila mtoto alete fulana na kaptula kuukuu zikae shuleni kwenye mfuko wenye jina lake, na siku hiyo hiyo watoe wazazi nje wakatazame watoto wakicheza. Anayetaka kushika udongo, mpe kigoda. Shati likichafuka hata hivyo, waambie wasilisugue bichi. Likauke kwanza, likung'utwe, ndipo lilowekwe kwenye maji baridi na sabuni.