Fundi, nitume kishika uchumba leo?

Shikamoo fundi. Mimi nanunua viazi vijijini Njombe na kuvipeleka Makambako. Nimeona Hilux ya dizeli, kabini moja, kwenye yadi Dar es Salaam. Wanataka milioni 45, mimi nina milioni 15. Nikimwuliza muuzaji bei ya mwisho, naye ananiuliza naweza kulipa ngapi kwa mwezi. Leo kanipigia, eti kuna mteja anakuja kesho asubuhi, nitume milioni 2 za kishika uchumba. Nifanyeje?
Mnunuzi wa viazi, Njombe

Marahaba, mwanangu. Usitume hata shilingi. Habari ya mteja wa kesho huambiwa karibu kila anayesitasita. Na hata kama yupo, Hilux mjini hazikosekani. Hela uliyotuma kwa simu bila maandishi ndiyo ngumu kurudi.

Linaloniumiza zaidi ni hilo swali la kwa mwezi. Usilijibu kabla bei ya gari haijaandikwa. Ukishataja kiasi unachokimudu, wataongeza miezi mpaka rejesho lienee hapo, na bei hutaiona tena. Kisha uliza: riba inapigwa kwenye mkopo wote, au kwenye deni lililobaki? Chukua milioni 30 unazopungukiwa, riba asilimia 20 kwa mwaka, miaka 3. Ikipigwa kwenye mkopo wote, ni milioni 6 kila mwaka, yaani riba milioni 18, na rejesho kama 1,333,000 kwa mwezi. Ikipigwa kwenye deni linalopungua, rejesho ni kama 1,115,000 na riba yote milioni 10 na kidogo. Asilimia ni ileile, lakini karibu milioni 8 zimekutoka. Hizo ni viazi vingi sana, mwanangu. Bima kubwa, usajili na kifaa cha kufuatilia gari navyo viwekwe kwenye karatasi hiyohiyo.

Kama gari limeingia nchini karibuni, fungua kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, uone kodi yake. Utaongea bei ukiwa na pa kusimamia.

Ukaguzi nenda bila kuwaarifu, asubuhi, na fundi wako, si wa kwao. Gusa injini kabla haijawashwa: ikiwa ya moto, wamekuwahi, kwa hiyo subiri ipoe, maana dizeli mbovu husumbua kuwaka ikiwa baridi. Lala chini ya bodi utazame fremu na springi za nyuma, kama zimechomelewa. Linganisha namba ya chesesi kwenye fremu na ya kwenye kadi. Dashibodi ikisoma kilomita 80,000 huku raba ya pedali imekwisha, iamini pedali.

Wakikukubalia yote, kishika uchumba kiwe na risiti inayosema kitarudishwa fundi wako akilikataa gari. Wakigoma kuandika hivyo, ondoka. Mkataba wa mkopo nitumie niusome kabla hujasaini.