Baba mdogo kavuliwa mashine, kapewa ngalawa

SWALI: Shikamoo anko. Me niko Bagamoyo, baba mdogo wangu mvuvi, ana boti ya mashine. Mwaka jana walikuja watu wa kamera pale ufukweni wakamwambia mashine haitakiwi, wakamwazimia ngalawa ya mtu, jezi ya Simba avue, simu aiache, jioni wakaleta jirani yetu mmoja anampokea samaki eti ndo mkewe. Juzi tumeiona kwenye TV, sauti inasema haya ndo maisha halisi ya mvuvi, mtaa mzima tulicheka ila baba mdogo hakucheka. Sasa hiyo ni dokumentari au muvi?

JIBU: Marhaba mwanangu. Mchezo huo una miaka mia na ushee. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa Nanook of the North, kuhusu Wainuit kaskazini mwa Kanada, moja ya dokumentari ndefu za mwanzo kabisa, kumbe huyo Nanook, mwindaji anayefuatwa na kamera, jina lake la kweli Allakariallak, mwanamke anayeonekana kama mkewe wala hakuwa mkewe, na watu walishazoea bunduki ila wakaambiwa wawinde kwa chusa kama babu zao. Hata nyumba ya barafu ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, maana ndani kamera haipati mwanga. Hiyo ya nyumba me namsamehe, ni shida ya kazi. Ila kumwambia mtu aweke bunduki pembeni ili aonekane wa kale, hapo ndo pananikera, na ndo mashine ya baba yako mdogo hiyohiyo.

Kuigiza kwenyewe sio kosa. The War Game ya Peter Watkins, 1965, bomu la nyuklia linapiga Uingereza, yote ya kuigiza, BBC waliotengenezewa wakagoma kuirusha mpaka 1985, na bado ilipewa Oscar ya dokumentari! Lakini pale kila mtu anajua bomu halijapigwa. Mtu wa Dodoma akimwona baba mdogo kwenye ngalawa atajuaje? Na wavuvi wa ngalawa wapo hadi leo, si wangemchukua huyohuyo mwenye nayo, alikuwa amesimama palepale.

Kwahiyo kwangu hiyo ni muvi iliyovaa kanzu ya dokumentari. Halafu niulizie, baba mdogo alilipwa hela ya mwigizaji au walimpa soda?