Mwanafunzi anajiumiza: mzazi aambiwe?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya bweni mkoani Morogoro. Mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye hata kwenye joto kali havui sweta, amenieleza kwamba hujiumiza mikono kwa makusudi, akanisihi baba yake asijue. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, usimwahidi mtoto siri usiyoweza kuitunza. Yuko chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi yake yatangulie; kwa kawaida maslahi hayo yanadai mzazi ajue, kwani shule ikifungwa ndiye atakayekaa naye. Hata hivyo, namna ya kumwambia ni jambo zito zaidi. Mweleze mtoto kwanza utakachosema na utakachokiacha, muulize kama angependa aanze kuambiwa mama au shangazi, kisha mwite mzazi ofisini badala ya kumtumia ujumbe wa simu, na umwombe asimchape wala kulitangaza jambo hilo kwa ukoo. Mstarini asubuhi lisitajwe kabisa, ingawa huko husemwa mengi yasiyostahili.

Lakini huenda hofu ya mtoto ina sababu. Ikiwa baba ndiye anayempiga au kumdhalilisha, asiwe wa kwanza kujua: peleka taarifa kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, Simu ya Mtoto isiyotozwa malipo. Akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.