Difu ya mbele: nichomelee au nifunge loka?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya zamani ya foo wili, akseli nzima mbele na nyuma, hab za mbele ni zile za kuzungusha kwa mkono, ukizifunga tairi inaungana na shafti, ukiziachia inazunguka yenyewe. Kazi yake ni mawe na matope. Nyuma ina loka ya kiwandani (kifaa cha kufunga shafti za kulia na kushoto zizunguke pamoja) ila mbele tairi moja ikinyanyuka tu inabaki inazunguka hewani na gari haisogei. Jamaa mmoja wa kuchomelea kaniambia nimpelekee difu ya mbele achome spaida, zile gia ndogo za ndani ya difu, zishikane, kazi ya mchana mmoja, loka eti ni kutupa hela. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwamba itavuta hajakudanganya, itavuta kweli. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kulia na kushoto, sasa tairi iliyo hewani inazunguka bila kuhitaji nguvu, kwa hiyo na mwenzake aliyekanyaga jiwe anapewa hicho hicho kidogo, ndo maana unabaki hapo hapo. Ukichoma spaida, shafti mbili zinakuwa kitu kimoja, tairi yenye mshiko inapata nguvu yote iliyofika kwenye akseli. Kwenye kuvuta tu, difu ya kuchomelea na loka ikiwa imeshika hazina tofauti kabisa, na muuza loka akikwambia vingine usimkubalie.

Tofauti inaanza ukigusa usukani. Chukua gari ambayo tairi za mbele zimeachana mita 1.5, ikikata kona ya nyuzi 90 tairi ya nje inatembea karibu mita 2.4 zaidi ya ile ya ndani, na hesabu ni hiyo hiyo kona iwe pana au kali, ila kwenye kona kali zote 2.4 zinakuja ndani ya mwendo mfupi. Kwenye tope tairi inateleza kidogo mambo yanaisha. Kwenye mwamba mkavu au lami haitelezi, usukani unakuwa mzito, gari inang'ang'ania kwenda mbele wewe unakata kushoto, na msuguano wote huo unabebwa na shafti na jointi za mbele.

Kinachokuokoa wewe ni hizo hab za mkono. Ukiziachia, tairi za mbele zinazunguka zenyewe wala hazijui difu imefanywa nini, barabarani gari inaendeshwa kama kawaida. Halafu kuna ujanja wanautumia watu wa mawe: ukiwa na difu iliyochomelewa unaweza kufunga hab ya upande mmoja tu, unapata tairi moja ya mbele inayovuta na usukani unalainika, kitu ambacho kwenye difu ya kawaida hakiwezekani kwa sababu ule upande ulioachiwa ungezunguka bure na huu uliofungwa usingepata nguvu. Ila usiifanyie kazi nzito, shafti moja inabeba mzigo wa mbili.

Sasa jambo ambalo huyo jamaa hawezi kukwambia maana yeye hapandi nayo mlimani. Uko kwenye mteremko wa pembeni, gari imelala upande, chini kuna tope. Difu ya kawaida ikizungusha tairi moja, ile nyingine inatulia na inashikilia pua ya gari isishuke. Zikifungwa pamoja zinateleza zote mbili kwa mpigo, na tairi inayoteleza haizuii gari kwenda pembeni, pua inashuka bondeni na usukani haukusaidii. Mwenye loka anabonyeza swichi anaiachia. Wewe itabidi ushuke kwenye mteremko huo huo ukazungushe hab kwa mkono, gari yenyewe imesimama vibaya. Kwangu hii ndo sababu kubwa kuliko zote.

Na kuna kuvunjika. Injini ya nyutoni-mita 200, gia ya kwanza iwe mara 4, loo (gia nzito ya foo wili) mara 2, difu mara 4, hapo una 6,400 zinazotoka kwenye difu. Kwenye difu ya kawaida hata tairi zikishika vizuri kila upande unapata nusu, 3,200. Zikifungana na tairi moja ikawa hewani, ile ya pili inaweza kubeba karibu zote, na ikiwa umekata usukani hadi mwisho jointi iko kwenye pembe yake dhaifu kuliko zote. Loka ikishika nayo inavunja vile vile, tofauti ni kwamba unaiachia kwanza, unakata kona, halafu unaifunga tena.

Kuhusu kuchomelea kwenyewe: chuma cha spaida kimekomazwa juu, ukikichoma kikiwa baridi kikapoa haraka kinapasuka pembeni mwa mshono, na huo ufa huuoni. Anayejua anatoa difu nje kabisa, anatoa beringi, anasafisha oili yote, anapasha moto kwanza, anatumia vijiti vya 7018 vilivyokauka, waya wa ethi anaubana kwenye chuma chenyewe umeme usipite kwenye beringi, kisha anakizika kwenye mchanga mkavu au majivu kipoe polepole. Mchana mmoja hiyo? Kipande kikimeguka kikaingia kati ya krauni na pinioni, zile gia kuu mbili za difu, hab zikiwa zimefungwa, tairi za mbele zinaweza kukaba ghafla ukiwa kwenye mwendo.

Kwa hiyo ushauri wangu: vumilia ukusanye hela ufunge loka ya swichi, ya hewa au ya umeme. Ikishindikana kuna zile loka ndogo zinazoingia mahali pa spaida ndani ya kesi yako ile ile, huhitaji kupanga upya krauni na pinioni, na kwa gari yenye hab kama zako inafaa sana. Kuchomelea mbele naielewa kwa gari ya mashindano ya mawe inayobebwa kwenye trela. Yako inarudisha watu nyumbani.

SWALI: Mimi gari yangu ni foo wili muda wote, haina hab za kuachia. Naweza kuchomelea ya mbele nikaendesha polepole?

JIBU: Hapana ndugu yangu, hata polepole. Tairi zako za mbele zitakuwa zimefungwa pamoja kila dakika, lami, mvua, mzunguko wa barabara, mtoto akikatiza mbele yako ukitaka kukwepa gari haikati. Loka ya kuachia tu, na ishike ukiwa porini.

SWALI: Nimenunua gari nikiwa sijui kama mbele imechomelewa. Nitajuaje bila kufungua?

JIBU: Zima injini, weka nyutro, zuia tairi za nyuma, nyanyua mbele yote uweke stendi, funga hab zote mbili, transifa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) iwe kwenye tu wili, yaani nguvu iende nyuma peke yake. Zungusha tairi moja kwa mkono. Ya pili ikienda kinyume ni difu ya kawaida. Ikienda upande ule ule na propela ya mbele (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) nayo ikizunguka, imefungana, iwe kwa kuchomelewa au loka. Baada ya hapo mwaga oili ya difu uangalie sumaku ya bolti, ukikuta vipande vya chuma na siyo unga tu, usifunge tena hizo hab mpaka difu ifunguliwe.