Nyota za paswedi na mzee wa mizani

Wiki hii vijana wa fildi, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wameniletea programu tatu za konsoli, yaani za dirisha la maandishi matupu (terminali), zinazoomba paswedi. Ya kwanza inaonyesha paswedi hadharani. Ya pili inaificha kwa nyota, ila ukikosea ukafuta, nyota zinaongezeka. Ya tatu imeniulia terminali. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hiyo ya pili ilinitoa jasho ninyi mkiwa bado shule ya msingi. Kaeni.

1. Unaandika Python? Kuna getpass, inayosoma paswedi bila kuionyesha. Itumie, nenda ukale.

2. Ukishupalia kuokota herufi moja moja kwa getch (amri inayosoma kitufe kimoja kinapobonyezwa), kishughulikie kitufe cha kufutia, maana nacho huja kama herufi yenye namba yake: Windows kinaleta 8, terminali nyingi za Linux 127. Enta nayo kwa getch ya Windows ni 13, si 10.

Mimi sikujua. Msimu wa korosho, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja huku Mtwara, nimewaandikia programu ya kuingiza kilo za wakulima. Jioni mzee karani akajisajili, nami nimesimama nyuma yake. Akakosea, akafuta, akaendelea. "Mwanangu, mbona nikifuta zinaongezeka?" Nikamjibu kwa ujuaji wote: "Huo ndio usalama, mzee." Kumbe ile 8 imeingia ndani ya paswedi, nimeipiga heshi (nimeivuruga isirudishike ilivyokuwa), nimeihifadhi. Na sikumtaka aiandike mara ya pili kuhakiki.

Asubuhi magunia yamefika hadi barabarani. Mzee anaandika: si sahihi. Tena: si sahihi. Ya tatu, programu niliyoisifia ulinzi ikamfungia nje. Nikamfungulia kwenye hifadhidata, nikaangalia vidole vyake, hakosei hata herufi. Heshi nayo huisomi kinyumenyume. Mama mmoja kwenye foleni akauliza kama mashine imeshikwa na malaria. Kilo zikawa zinaandikwa kwenye daftari, lile daftari nililowaambia walichome.

Mwisho mzee akachoka na mimi. "Ngoja niandike kama jana." Akakosea makusudi palepale alipokosea, akafuta, akaendelea. Ikafunguka! Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama chini ya meza kutafuta chaja ambayo haikuwa imepotea.

Dawa yake mstari mmoja tu: mtu akifuta, toa herufi ya mwisho kwenye bafa (pale unapozikusanya herufi), kisha chapa "\b \b": rudi nyuma, funika nyota kwa nafasi, rudi tena. Bafa ikiwa tupu usichape kitu, la sivyo utakula neno "Paswedi:" lenyewe.

3. Java: readPassword inarudisha safu ya char (herufi moja moja) ili uifute ukimaliza, usikimbilie kuigeuza String, maandishi ambayo huwezi kuyafuta mwenyewe. Na System.console() ikikupa null (hakuna kitu) ndani ya IDE, ile programu unayoandikia kodi, endesha kwenye terminali, usinipigie simu usiku.

4. Paswedi haipitishwi kwenye mstari wa amri. Inabaki kwenye historia, na anayejua ps, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, anaisoma.

5. Ukizima ECHO (terminali kuonyesha unachoandika) kwa termios, mipangilio ya terminali za Linux, irudishe hata mtu akikatiza kwa Ctrl+C. Wewe uliyeniachia terminali bubu jana: andika stty sane, hutaona unachoandika, bonyeza Enta. Halafu rudisha na chaja yangu. Safari hii imepotea kweli.